Kihesabio na Mpaka Wake: Kitanzi cha FOR katika Lugha ya BASIC

Hakuna kazi inayoifaa kompyuta kuliko kurudia, na kwa hiyo lugha yoyote ya kuandikia programu hupimwa kwanza kwa namna inavyomwezesha mwandishi kueleza jambo mara moja likatendwa mara nyingi. Sehemu ya programu inayorudiwa huitwa kitanzi, na kila safari moja ya kuipitia sehemu hiyo huitwa mzunguko. Vitanzi viko vya aina mbili kubwa. Kipo kitanzi kinachoendelea mpaka hali fulani itokee, kama vile kumwuliza mtumiaji neno lake la siri mpaka alipatie, na hapo hakuna ajuaye mapema mizunguko itakuwa mingapi. Na kipo kitanzi ambacho idadi ya mizunguko yake huamuliwa kabla hata ya mzunguko wa kwanza, na hesabu hiyo hutunzwa ndani ya namba moja iitwayo kihesabio. Mhadhara huu unahusu aina ya pili. Hoja yake ni kwamba kitanzi cha kihesabio ni mkataba unaofungwa kabla ya kazi kuanza, na kwamba makosa mengi ya mwanafunzi anayeanza hutokana na kutojua mkataba huo umefungwa juu ya nini hasa, na ni wakati gani mashine hurudi kuukagua.

Lugha itakayotumika kulionyesha jambo hilo ni BASIC, kwa sababu ilibuniwa makusudi kwa ajili ya watu wasio wataalamu. Wabunifu wake, John Kemeny na Thomas Kurtz, walikuwa walimu wa hisabati katika Chuo cha Dartmouth, mjini Hanover katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani. Kemeny, mzaliwa wa Budapest, aliwahi kuwa msaidizi wa hisabati wa Albert Einstein huko Princeton, lakini shabaha yake na mwenzake haikuwa kuwahudumia wanahisabati peke yao, bali kumfikishia kompyuta kila mwanafunzi wa chuo, wa fasihi na wa historia wakiwemo. Wakati huo aliyetaka kuendesha programu alitoboa kadi, akazikabidhi kwa wahudumu wa mashine, akasubiri saa nyingi au hata siku nzima, kisha akaletewa karatasi iliyomweleza kwamba amekosea alama moja. Kemeny na Kurtz, wakisaidiwa na wanafunzi wao, walijenga mfumo ulioruhusu watu wengi kugawana muda wa kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa mbele ya mashine yake ya kuchapia, na alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964, yapata saa kumi, programu za kwanza za BASIC ziliendeshwa katika kompyuta aina ya GE-225.

Kitanzi cha kihesabio hakikuzaliwa na BASIC. Lugha ya FORTRAN, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 na kundi lililoongozwa na John Backus, ilikuwa nacho tayari, nacho kiliandikwa hivi:

DO 10 I = 1, 100

Namba 10 katika mstari huo haihusiani na hesabu yenyewe, bali ni lebo ya mstari ambapo kitanzi kinaishia, na msomaji hulazimika kuutafuta mstari huo chini ya ukurasa kabla hajajua ni kipi kinachorudiwa. Zaidi ya hayo, FORTRAN ya zama hizo haikujali nafasi zilizoachwa kati ya herufi, kiasi kwamba aliyeandika nukta mahali pa mkato hakupata kitanzi kabisa: mashine iliusoma mstari huo kuwa ni agizo la kuweka 1.100 ndani ya kitu kinachoitwa DO10I, ikaendelea na kazi bila kulalamika. Wabunifu wa BASIC walichagua njia nyingine, iliyo wazi hata kwa msomaji wa mara ya kwanza:

10 FOR I = 1 TO 5
20 PRINT I, I*I
30 NEXT I
40 END

Namba zilizo mwanzoni mwa mistari zinaonyesha mfuatano wake, na kwa kawaida huachiwa nafasi ya kumi kumi ili mstari uliosahauliwa upate pa kuingia. Herufi I ni kigeu, maana yake ni jina la mahali katika kumbukumbu ya mashine ambapo namba inaweza kuwekwa na kubadilishwa. Katika BASIC ya kwanza jina hilo liliruhusiwa kuwa herufi moja peke yake, au herufi moja ikifuatwa na tarakimu moja. Mstari wa 10 unakifungua kitanzi na kutaja mambo mawili, yaani namba ya kuanzia, ambayo ni 1, na mpaka, ambao ni 5. Mstari wa 20 ndio kiwiliwili cha kitanzi, nao huchapa namba pamoja na kipeo chake cha pili. Mstari wa 30 unakifunga kitanzi kwa kukitaja kihesabio kwa jina lake, na huu ni wema mkubwa kwa mwanafunzi, kwa kuwa mwisho wa kitanzi unaonekana kwa macho na unasema wenyewe ni mwisho wa kitanzi kipi. Programu hiyo itachapa 1 na 1, kisha 2 na 4, kisha 3 na 9, kisha 4 na 16, na mwishowe 5 na 25.

Hata hivyo uwazi huo una gharama yake, kwa sababu maneno FOR na NEXT yanaficha kitendo kilicho muhimu kuliko vyote. Ili kitendo hicho kionekane, inafaa kitanzi kilekile kiandikwe upya bila maneno hayo mawili:

10 LET I = 1
20 IF I > 5 THEN 60
30 PRINT I, I*I
40 LET I = I + 1
50 GOTO 20
60 END

Sasa yanaonekana mambo manne yaliyokuwa yamefunikwa. Kihesabio hupewa thamani ya kuanzia mara moja tu. Halafu linaulizwa swali kama kihesabio kimevuka mpaka, na kikiwa kimevuka, mashine huruka hadi mstari wa 60. Kisha hutendwa kazi yenyewe. Kisha kihesabio huongezwa, na mashine hurudi, si kwenye kazi, bali kwenye swali. Mstari wa 40 huwasumbua wanafunzi waliotoka katika somo la hisabati, kwani hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ikijumlishwa na 1, na ndiyo maana Kemeny na Kurtz waliweka neno LET mbele yake, wakitaka ieleweke kwamba hilo ni agizo: ichukuliwe thamani iliyomo ndani ya I, iongezwe 1, na jibu lirudishwe mahali pale pale.

Anayefuatisha programu hiyo kwa kalamu na karatasi, akiandika thamani ya I kila swali linapoulizwa, ataona jambo ambalo hakuna mstari wowote unaolitaja. Swali huulizwa I ikiwa 1, ikiwa 2, 3, 4 na 5, na katika nyakati zote hizo jibu ni kwamba mpaka haujavukwa. Kisha huulizwa mara ya sita, I ikiwa 6, na hapo ndipo kitanzi kinapoachwa. Kazi imetendwa mara tano lakini swali limeulizwa mara sita, na kihesabio hakibaki na 5, namba ya mwisho iliyotumika, bali kinabaki na 6, namba ya kwanza ambayo haikutumika. Kiwango cha Marekani cha BASIC ndogo, kilichopitishwa mwaka 1978, kililiweka jambo hilo kuwa kanuni. Python, ambayo leo imechukua nafasi ya BASIC katika madarasa mengi ya wanaoanza, huamua kinyume chake na kukiacha kihesabio na thamani ya mwisho iliyotumika. Lugha zote mbili zina sababu zake, lakini programu inayotegemea thamani ya kihesabio baada ya kitanzi kwisha inategemea tabia ya lugha moja, na ni busara kwa anayeanza kuiacha kabisa tegemeo hilo.

Swali hilo la mpaka lina suala jingine ndani yake, nalo ni mahali linapoulizwa. Katika mfano uliotangulia liko juu ya kazi, na kwa sababu hiyo kitanzi chenye mpaka ulio chini ya mwanzo, kama vile FOR I = 1 TO 0, hakitendi lolote. Mtu anaweza kuona ni upuuzi kuandika kitanzi cha namna hiyo, lakini mpaka huwa nadra kuandikwa kwa tarakimu. Mara nyingi huwa ni kigeu, tuseme N, chenye idadi ya wanafunzi waliofanya mtihani au ya wagonjwa waliopokelewa leo, na ipo siku ambayo N ni sifuri. Siku hiyo jibu sahihi ni kutofanya kazi hata mara moja. Katika baadhi ya aina za BASIC zilizotengenezwa na Microsoft kwa ajili ya kompyuta ndogo za miaka ya 1970 na 1980, ikiwemo ile iliyokuwa ndani ya Commodore 64, swali liliulizwa chini, kwenye NEXT, hivyo kazi ilitendwa angalau mara moja hata pale ambapo hapakuwa na cha kutendea. Kompaila nyingi za FORTRAN za kabla ya mwaka 1977, yaani programu zinazoitafsiri lugha hiyo kwa mashine, zilikuwa na tabia hiyo hiyo, mpaka kiwango cha mwaka huo kilipoamuru swali lipandishwe juu. Kitanzi kinachoulizia juu ndicho pekee kinachostahili kufundishwa, kwa kuwa sifuri ni hesabu halali kama hesabu nyingine yoyote.

Upo pia uamuzi kuhusu mpaka wenyewe, kwamba je, unasomwa mara moja au kila mzunguko. BASIC huusoma mara moja, pale kwenye FOR, na kuuhifadhi; hivyo programu inayosema FOR I = 1 TO N, kisha ikaibadilisha N ndani ya kitanzi, itaendelea kuzunguka kwa kufuata N ya mwanzo. Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, huuliza sharti lake upya kila mzunguko, na mpaka ukisogezwa ndani ya kazi, kitanzi kitaufuata, na ukisogezwa kila mara hakitakwisha kamwe. Nguvu hiyo ya C humfaa bingwa, lakini anayeanza hufaidika zaidi na mkataba usiobadilishwa katikati ya kazi, maana kwa kuutazama mstari mmoja tu anaweza kujua kitanzi kitazunguka mara ngapi. BASIC haikuulinda mkataba huo kikamilifu, kwani inamruhusu mwandishi kukibadilisha kihesabio chenyewe ndani ya kazi, na anayeandika LET I = 1 ndani ya kitanzi cha I hupata kitanzi kisichokwisha. Katika Python kosa hilo halina madhara hayo, kwa sababu kila mzunguko mpya hukipa kihesabio namba inayofuata katika orodha iliyokwisha kuamuliwa, bila kujali kilichofanywa katika mzunguko uliopita.

Kosa linaloongoza kwa wingi, na ambalo haliwaachi hata wazoefu, ni kukosea kwa moja, yaani kuzunguka mara moja zaidi au mara moja pungufu. Mkulima mwenye upande wa shamba wa mita 30, anayetaka kusimika nguzo kila baada ya mita 3, akigawanya 30 kwa 3 atapata 10, akanunua nguzo 10, na atapungukiwa moja, kwa kuwa nafasi kati ya nguzo ni 10 lakini nguzo zenyewe ni 11. Katika BASIC, FOR I = 0 TO 10 huzunguka mara 11 kwa sababu hiyo hiyo: ncha zote mbili zinahesabiwa. Idadi ya mizunguko, hatua ikiwa moja moja, ni mpaka kutoa mwanzo, kisha kuongeza moja, na ni lile ongezeko la moja linalosahauliwa. Python ililiondoa kwa kuutenga mpaka nje ya hesabu, ili range(0, 10) itoe namba kuanzia 0 hadi 9, ambazo ni kumi kamili, na idadi ipatikane kwa kutoa tu. Mwanasayansi wa Uholanzi Edsger Dijkstra aliutetea utaratibu wa namna hiyo katika andiko fupi la mwaka 1982. Hoja zake ni nzito, lakini haziondoi ukweli kwamba mtoto aliyeambiwa ahesabu kutoka 1 hadi 10 huitaja 10 pia, na katika jambo hili BASIC iko karibu zaidi na namna watu wanavyozungumza.

Kihesabio hakitumiki kwa kuchapwa tu. Kazi yake kubwa ni kusimamia mizunguko wakati kigeu kingine kinakusanya jibu, na kigeu hicho cha pili kinaweza kuitwa kikusanyi. Mfano unaoeleweka upesi ni wa akiba ya shilingi 100,000 inayopata faida ya asilimia 10 kila mwaka kwa miaka mitano, faida ya kila mwaka ikijumlishwa na akiba:

10 LET A = 100000
20 FOR M = 1 TO 5
30 LET A = A + A*0.1
40 PRINT M, A
50 NEXT M
60 END

Mwaka wa kwanza A inakuwa 110,000. Wa pili 121,000. Wa tatu 133,100. Wa nne 146,410. Na wa tano 161,051. Kihesabio M hakiingii katika hesabu ya mstari wa 30 hata kidogo, nacho kipo ili miaka isipite mitano wala isipungue. Mwanafunzi akiuhamisha mstari wa 10 na kuuweka ndani ya kitanzi, baada ya FOR, programu bado itaendeshwa bila ujumbe wowote wa kosa, lakini itachapa 110,000 mara tano, kwa kuwa kila mwaka akiba inarudishwa mwanzo kabla ya kuongezwa. Kosa hilo linastahili kufanywa kwa makusudi darasani, kwani linaonyesha kuliko maelezo yoyote kwamba kilicho nje ya kitanzi hutendwa mara moja na kilicho ndani hutendwa kila mara.

Hatua ya kihesabio si lazima iwe moja. Neno STEP huitaja hatua nyingine, na FOR I = 10 TO 1 STEP -1 huhesabu kurudi nyuma, ambapo swali la mpaka nalo hugeuka na kuuliza kama kihesabio kimeshuka chini ya mpaka. Hatari iko kwenye hatua za desimali. BASIC ya Dartmouth haikutofautisha namba nzima na namba zenye sehemu ya desimali, na kwa hiyo ilionekana halali kabisa kuandika FOR X = 0 TO 1 STEP 0.1 na kutarajia mizunguko 11. Lakini kompyuta hutunza namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kama vile theluthi moja isivyoweza kuandikwa kikamilifu kwa desimali, moja ya kumi nayo haiandikiki kikamilifu kwa tarakimu hizo, ikabidi ikatwe mahali fulani. Kwa namba za biti 32, yaani zenye tarakimu 32 za namna hiyo, zinazofuata kiwango cha kawaida cha leo, kujumlisha 0.1 mara kumi hutoa namba inayozidi 1 kwa kiasi kidogo mno, hivyo swali la mpaka linajibiwa kwamba umevukwa na mzunguko wa mwisho unapotea. Kwa namba za biti 64 jumla hiyo hiyo hutoa 0.9999999999999999, na mzunguko wa mwisho unaponea chupuchupu.

Tofauti ndogo namna hiyo imewahi kugharimu maisha ya watu. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran nchini Saudi Arabia, mtambo wa makombora ya Patriot ulishindwa kulizuia kombora la Scud lililotoka Iraq, na askari 28 wa Marekani wakafariki. Saa ya mtambo huo ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, kwa namba nzima zisizo na kasoro, lakini hesabu hiyo iligeuzwa kuwa sekunde kwa kuzidishwa na moja ya kumi iliyokatwa katika biti 24, na baada ya takriban saa 100 za kufanya kazi mfululizo kosa lilikuwa limefikia kama theluthi moja ya sekunde, muda ambao Scud husafiri zaidi ya nusu kilomita. Kwa hiyo haitoshi kumwambia mwanafunzi ahesabu kwa namba nzima. Aelezwe pia kwamba thamani ya desimali ipatikane ndani ya kila mzunguko kwa kugawanya, yaani FOR I = 0 TO 10 na kisha LET X = I/10, maana hapo kila jibu hukadiriwa upya kutoka namba nzima, na kasoro ya mzunguko mmoja hairithiwi na mzunguko unaofuata.

Kitanzi kinaweza kuwekwa ndani ya kitanzi, na hapo ndipo umuhimu wa kutaja kihesabio kwenye NEXT unapodhihirika. Jedwali la kuzidisha la 12 kwa 12 huandikwa kwa vitanzi viwili:

10 FOR I = 1 TO 12
20 FOR J = 1 TO 12
30 PRINT I*J;
40 NEXT J
50 PRINT
60 NEXT I
70 END

Kitanzi cha J huanza upya na kukamilika kwa kila mzunguko mmoja wa I, hivyo mstari wa 30 hutendwa mara 144, ilhali mstari wa 50, unaohamisha uchapaji kwenda mstari mpya wa karatasi, hutendwa mara 12. Mwanafunzi anayetambua kwamba 3 mara 7 ni sawa na 7 mara 3 anaweza kuubadilisha mstari wa 20 ukawa FOR J = I TO 12, na jedwali likapungua kutoka 144 hadi 78, kila jozi ikitokea mara moja tu. Badiliko hilo la herufi moja linawezekana kwa sababu mkataba wa kitanzi cha ndani hufungwa upya kila kinapoingiwa, ukizisoma thamani za wakati huo, na kwa sababu I haiguswi wakati J inazunguka. Akibadilisha mahali pa mistari ya 40 na 60, NEXT I ikatangulia NEXT J, vitanzi vitakuwa vimekatana badala ya kimoja kumezwa na kingine. BASIC ya Microsoft itakapokutana na NEXT I itakihesabu kitanzi cha J kuwa kimeachwa, itamaliza mizunguko yote 12 ya I huku kila mmoja ukichapa namba moja tu, na itakapofika kwenye NEXT J itasimama na kutoa ujumbe kwamba imekuta NEXT isiyo na FOR yake, pamoja na namba ya mstari wa kwenda kurekebisha.